Mathabodi ya Linux: Usiulize jina la kampuni, ulizia chipu

Msomaji, iwapo kompyuta iliyo kwenye kona ya sebule yako bado inatumia Windows 10, huenda umekwisha kuambiwa na fundi, au na mwanao mwenyewe, kwamba mashine hiyo imepitwa na wakati. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa mfumo huo. Mfumo ulioufuata, Windows 11, rasmi haukubali prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na hudai pia kinga ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizoingia nchini baada ya kutumika katika ofisi za ng'ambo, zile ambazo wazazi walizinunua kwa kujinyima ili watoto wapate kufanyia kazi za shule, haziwezi kutimiza masharti hayo.

Ndipo wengi walipoanza kusikia habari za Linux. Huu ni mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, na tangu hapo umekuwa ukijengwa na watu wa mataifa mbalimbali. Mojawapo ya matoleo yake mashuhuri, Ubuntu, lilianza mwaka wa 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni neno la Kibantu ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa: ni utu.

Ubuntu na matoleo mengine mengi hupatikana bure. Kinachogharimu ni vifaa. Na katika vifaa vyote, hakuna kinachowatia watu hasara ya kimyakimya kama mathabodi, yaani ule ubao mkuu ulio ndani ya kasha la kompyuta, ambao prosesa, kumbukumbu, diski na nyaya zote hukutana juu yake.

Tuchukue mfano wa mama aliyepokea zamu yake ya chama. Ametenga sehemu ya pesa kwa karo na sehemu nyingine kwa kompyuta ya nyumbani. Anaingia duka moja kule Luthuli Avenue jijini Nairobi na kusema anataka mathabodi itakayokubali Linux. Kijana wa duka, bila hata kuinua macho, anamjibu: "Mama, hii ni mpya kabisa. Inakubali kila kitu." Mama analipa. Jioni fundi anapoifunga, skrini inawaka vizuri, lakini waifai haionekani na sauti haitoki. Anaporudi dukani anaonyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Kijana yule huenda hakudanganya. Mathabodi ilikuwa mpya kweli, na huenda ndiko matatizo yalikoanzia. Makala haya yanakusudia kukuonyesha, msomaji, mambo ya kuchunguza kabla ya kufungua mkoba, ili yasikupate kama hayo.

JE, UNAIHITAJI KWELI?

Swali la kwanza ndilo ambalo muuzaji hatakuuliza. Je, mathabodi uliyo nayo imeshindwa na nini hasa?

Linux haina masharti ya Windows 11. Kompyuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, iliyotengenezwa mwaka wa 2013 au 2014, bado inaweza kuendesha Linux kwa kazi za kawaida za nyumbani: kuandika, kusoma barua, kutazama video za masomo, kujaza fomu za serikali. Aghalabu kinachoifanya mashine kama hiyo itambae si mathabodi bali ni diski ya zamani ile yenye sahani inayozunguka. Ukiibadilisha kwa diski ya SSD na kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8 au zaidi, unaweza kushangaa kuona mzee akikimbia.

Kwa hivyo jaribu hilo kwanza. Ikiwa shida yako ni kwamba mathabodi imekufa, au kijana wako anajifunza kuhariri video na mashine imezidiwa, au nafasi za kumbukumbu zimejaa na hakuna pa kuongeza, basi hapo unayo sababu ya kununua. Usinunue kwa kuwa jirani amenunua.

MATHABODI HAIJI PEKE YAKE

Jambo la pili ni hesabu. Anayedhani atanunua mathabodi tu, avirudishie vifaa vyake vya zamani juu yake na aendelee na safari, mara nyingi atajikuta njia panda.

Kila mathabodi ina soketi, yaani tundu la prosesa, na tundu hilo hukubali aina fulani za prosesa pekee. Prosesa ya kizazi cha nne iliyotajwa hapo juu hutumia soketi iitwayo LGA1150, na haiwezi kuingia katika mathabodi za soketi ya LGA1700 zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2021. Upande wa AMD, soketi ya AM4 ilitoka mwaka wa 2016 na AM5 mwaka wa 2022, na prosesa ya moja haiingii katika nyingine. Tena kuna mtego wa LGA1151: jina ni moja, lakini mathabodi zilizotengenezewa prosesa za kizazi cha sita na cha saba hazifanyi kazi na prosesa za kizazi cha nane na cha tisa.

Kumbukumbu nazo zina vizazi. Mashine ya 2013 hutumia DDR3. AM4 hutumia DDR4. AM5 hutumia DDR5 pekee. Mathabodi za LGA1700 ziko za aina mbili, nyingine za DDR4 na nyingine za DDR5, na haiwezekani kulazimisha moja iingie mahali pa nyingine kwa kuwa pengo la katikati limewekwa mahali tofauti.

Kisha tazama kasha lenyewe. Mathabodi ya ukubwa wa ATX ina urefu wa sentimita 30.5 na upana wa sentimita 24.4. Ile ya Micro-ATX kwa kawaida haizidi sentimita 24.4 kila upande, na Mini-ITX ni sentimita 17 kwa 17. Kompyuta nyingi za ofisini zilizoletwa kutoka ng'ambo zina kasha lisilofuata vipimo hivi, na kisanduku chao cha umeme kina plagi za kipekee ambazo haziingii katika mathabodi ya kawaida. Ukiwa na mashine ya namna hiyo, kubadilisha mathabodi ni kununua pia kasha na kisanduku cha umeme.

Basi keti chini na karatasi. Andika: mathabodi, prosesa, kumbukumbu, na pengine kasha na kisanduku cha umeme. Utakavyobaki navyo ni skrini, kibodi, kipanya na diski. Jumlisha yote kabla ya kuondoka nyumbani. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.

LINUX HUZIJUA CHIPU, HAIJUI MAJINA

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Watu wengi huuliza, "Je, ASUS inakubali Linux? Gigabyte je? Au MSI au ASRock?" Kampuni hizi nne zote ni za Taiwan na zote huuza mathabodi zinazofanya kazi vyema na Linux, na pengine nyingine zinazosumbua. Jina lililochapishwa kwenye boksi halikuambii mengi.

Sababu ni kwamba kampuni ya mathabodi haitengenezi kila kilicho juu ya ubao. Hununua chipu ndogondogo kutoka kwa wengine: ya mtandao wa waya kutoka Realtek au Intel, ya waifai kutoka Intel, MediaTek, Realtek au Qualcomm, ya sauti mara nyingi kutoka Realtek, na ya kupima joto na kasi ya feni kutoka Nuvoton au ITE. Kila chipu huhitaji kijiprogramu kinachoitwa draiva ili mfumo uweze kuongea nayo.

Katika Windows, mwenye kompyuta huweza kupakua draiva kutoka kwa kampuni iliyotengeneza mathabodi. Katika Linux, draiva nyingi huja zikiwa tayari ndani ya kiini cha mfumo wenyewe. Hilo ni jema, kwani chipu inayojulikana huanza kazi papo hapo bila wewe kufanya lolote. Hata diski yenye Linux unaweza kuihamisha kutoka mathabodi ya zamani hadi mpya na mara nyingi ikawaka bila malalamiko. Lakini chipu iliyotoka baada ya kiini chako kutengenezwa ni mgeni asiyejulikana mlangoni. Atabisha na hakuna atakayemfungulia.

Chukua mfano wa chipu ya Realtek iitwayo RTL8125, ambayo hutumika katika mathabodi nyingi kwa mtandao wa waya wa kasi ya gigabiti 2.5. Draiva yake iliingizwa katika kiini namba 5.4, kilichotolewa Novemba 2019. Ubuntu 18.04 ilipotoka mwaka wa 2018 ilikuwa na kiini namba 4.15, kwa hivyo haikuijua. Ubuntu 20.04 ilikuja na 5.4, nayo iliitambua mara moja. Mathabodi ni ile ile, chipu ni ile ile. Kilichobadilika ni umri wa Linux.

Mfano mwingine ni chipu ya waifai ya MediaTek iitwayo MT7925, inayopatikana katika baadhi ya mathabodi za AM5. Draiva yake iliingia katika kiini 6.7, mwanzoni mwa 2024. Toleo la Debian 12, lililotoka Juni 2023, lilikuja na kiini 6.1. Aliyeweka toleo hilo juu ya mathabodi yenye chipu hiyo hakupata waifai. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025 ikiwa na kiini 6.12, inayo draiva hiyo.

Kutokana na mifano hii unaweza kujitungia kanuni moja nyepesi: kiini cha Linux unachotaka kutumia kiwe kimezaliwa baada ya chipu zilizo kwenye mathabodi, na ikiwezekana kwa mwaka mzima au zaidi. Ukitaka mathabodi iliyotoka juzi, tumia toleo jipya la Linux. Ukitaka kutulia na toleo linalodumu miaka mingi, nunua mathabodi iliyokwisha kukaa sokoni. Mathabodi za AM4 zenye majina B550 na A520, zilizotoka mwaka wa 2020, au za LGA1700 zenye jina H610 zilizotoka mwaka wa 2022, ni mifano ya zile zilizokwisha kukaa kiasi cha kutosha, na kwa familia ya kawaida uwezo wake si haba.

CHIPU ZA KUULIZIA MOJA MOJA

Ukiwa dukani, usiulize kama mathabodi inakubali Linux. Uliza maswali yafuatayo, na majibu uyaandike.

Kwanza, mtandao wa waya. Chipu za Realtek za gigabiti 1 za jamii ya RTL8111 zimejulikana na Linux kwa miaka mingi. RTL8125 ni sawa ukiwa na kiini kipya cha kutosha. Chipu za Intel pia zina draiva ndani ya kiini. Hapa ndipo pa kutilia mkazo zaidi, kwa sababu ukikosa mtandao huwezi hata kupakua dawa ya matatizo mengine.

Pili, waifai. Hili ndilo eneo lenye mitego mingi. Orodha ya kampuni mara nyingi huandika tu "Wi-Fi 6E" bila kutaja chipu, na wakati mwingine mathabodi za jina moja huwa na chipu tofauti kulingana na awamu ya kutengenezwa. Intel AX200 na AX210 zimejijengea sifa njema: ya kwanza yataka kiini 5.1 au cha baadaye na ya pili 5.10 au cha baadaye. Lakini jihadhari na AX201 na AX211. Hizi, ijapokuwa majina yanafanana na ya wenzake, hutegemea sehemu iliyo ndani ya mfumo wa Intel na haziwezi kutumika katika mathabodi ya AMD. Iwapo waifai ya mathabodi haijulikani ni ya nani, ni heri ununue mathabodi isiyo na waifai kabisa, kisha uongeze kadi yako iliyo na chipu unayoijua.

Tatu, picha. Chipu za picha za Intel na za AMD zina draiva ndani ya kiini. Kadi za Nvidia kwa kawaida hutaka draiva ya kampuni yenyewe iwekwe kando ili zitoe nguvu zake zote. Hata hivyo, mtego mkubwa hapa hauhusu Linux hata kidogo. Mathabodi inaweza kuwa na tundu la HDMI mgongoni na bado skrini ikabaki nyeusi, kwa kuwa tundu hilo hutegemea picha zinazotoka ndani ya prosesa. Prosesa ya Intel Core i5-12400 ina uwezo huo, lakini i5-12400F, yenye herufi F mwishoni, haina. Ryzen 5 5600G inao, lakini Ryzen 5 5600 haina. Ukinunua zisizo nao, itakulazimu kununua kadi ya picha, na hesabu yako yote itakuwa imevurugika kwa sababu ya herufi moja.

Nne, sauti. Chipu nyingi za sauti za Realtek hufanya kazi bila shida, ingawa matundu ya mbele ya kasha au maikrofoni wakati mwingine hukataa. Hili huonekana kwa kujaribu tu.

Tano, mapambo. Kuna mathabodi zinazomulika rangi kama matatu ya mtaani siku ya sikukuu. Programu za kampuni za kutawala taa hizo aghalabu huandikiwa Windows pekee. Zipo programu huru kama OpenRGB, lakini si kila mathabodi inayokubaliana nazo. Usilipie taa ambazo huenda usiweze hata kuzizima.

Mtu anaweza kuuliza: majina haya yote ya chipu nitayapata wapi? Chukua jina kamili la mathabodi, pamoja na namba ya awamu iliyochapishwa kwenye ubao kama ipo, na usome ukurasa wa kampuni unaoeleza vipimo vyake. Kisha tafuta jina la kila chipu pamoja na neno Linux. Mambo ya nusu saa kwenye simu yaweza kukuokolea mshahara wa wiki nzima.

IJARIBU KABLA YA KULIPA

Hata ukisoma kurasa kumi, hakuna ushahidi unaoshinda macho yako. Na bahati njema ni kwamba Linux ina fadhila moja isiyokuwa na kifani: matoleo mengi, Ubuntu likiwemo, huweza kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuiweka kwenye diski. Andaa flashi hiyo nyumbani au umwombe kijana wa saibakafe akuandalie, uitie mfukoni na uende nayo dukani.

Mwambie muuzaji apachike prosesa na kumbukumbu kwenye mathabodi, aunganishe skrini, na kuwasha kutoka kwenye flashi yako. Maduka mengi huunganisha kompyuta kila siku, kwa hivyo si ombi la ajabu. Ukinunua vyote hapo kwake, ana sababu zaidi ya kukubali. Akikataa kata kata, nenda duka la pili.

Mfumo ukishawaka, kagua haya: Je, waya wa mtandao ukichomekwa, mtandao unapatikana? Je, waifai inaorodhesha mitandao iliyo karibu? Cheza video fupi na usikilize sauti mbele na nyuma. Chomeka kifaa katika kila tundu la USB. Hakikisha diski inaonekana. Kisha iagize kompyuta ilale, uiamshe baada ya dakika moja, na utazame kama picha na mtandao vinarudi. Kulala na kuamka ni jaribio ambalo wengi hulisahau, na ndilo linaloudhi zaidi baadaye.

Ukitaka kuzama zaidi, fungua dirisha la maagizo na uandike lspci -k. Utaona orodha ya chipu zilizounganishwa kwenye ubao, na chini ya nyingi kati yazo jina la draiva inayoitumikia. Pale ambapo chipu ya mtandao au ya waifai imetajwa bila draiva yoyote chini yake, hapo ndipo pana shida. Agizo jingine, uname -r, litakuambia namba ya kiini unachotumia. Piga picha kwa simu uende nayo.

Iwapo diski haionekani, usikimbilie kuilaumu mathabodi. Ingia katika BIOS, yaani ile programu ya awali inayowasha mashine, na utazame mpangilio wa diski. Ukikuta imewekwa kwenye RAID au Intel RST, ibadilishe iwe AHCI na diski nyingi zilizofichika hujitokeza. Lakini kama diski hiyo bado ina Windows unayoihitaji, usibadilishe kabla ya fundi kuiandaa, kwani huenda ikakataa kuwaka.

Vilevile uliza toleo la BIOS. Mathabodi ya AM4 iliyotengenezwa kabla ya 2020 huenda isiitambue prosesa ya Ryzen ya mfululizo wa 5000 mpaka BIOS yake isasishwe. Jambo jema ni kwamba mathabodi nyingi huruhusu kusasisha BIOS kwa flashi kutoka ndani ya BIOS yenyewe, hivyo huhitaji Windows. Mwombe muuzaji aifanye kazi hiyo mbele yako, na umeme uwe wa kutegemewa, kwa kuwa ukipotea katikati ya kazi hiyo ubao waweza kugeuka kuwa gogo.

Na ikiwa umekwisha kununua na mtandao umekataa? Usikate tamaa. Unganisha simu yako ya Android kwa waya wa USB na uiruhusu igawe intaneti. Linux kwa kawaida huipokea simu hiyo kama kadi ya mtandao. Kwa njia hiyo utaweza kupakua kiini kipya zaidi. Matoleo ya Ubuntu yanayodumu miaka mingi hutoa viini vipya mara kwa mara baada ya kutolewa, na mara nyingine hilo pekee humaliza tatizo. Likishindikana, kadi ndogo ya mtandao iliyo na chipu inayojulikana ni nafuu kuliko mathabodi nyingine.

ZA MITUMBA NAZO?

Mathabodi iliyotumika si dhambi. Kwa mtu wa Linux hata ina faida, kwa kuwa chipu zake zimekwisha kuzoeleka. Ila ichunguze kama unavyochunguza shati la mitumba kabla ya kulipa. Tazama soketi kwa tochi. Katika mathabodi za Intel na za AM5, vijisindano viko kwenye ubao wenyewe, na kimoja kilichopinda chaweza kuharibu kila kitu. Tazama zile kapasita zilizosimama kama mapipa madogo: zikiwa zimevimba kichwani au kuvuja, iache. Uliza pia kama kile kibati kinachofunika matundu ya nyuma kipo, maana wengi hukipoteza. Saa ikirudi nyuma kila umeme ukizimwa, hilo lisikutishe. Mara nyingi ni betri ndogo ya CR2032 tu inayohitaji kubadilishwa.

RISITI IANDIKWE

La mwisho linahusu kalamu. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayotaka kifaa kifanye na kuutegemea ujuzi wa muuzaji huyo. Ukiingia dukani ukataja jina la mathabodi na kulipa kimya kimya, umejichagulia mwenyewe. Lakini ukisema unataka ya kuendeshea Linux, naye akakuchagulia, mambo huwa mengine.

Kwa hivyo mwombe aandike kwenye risiti jina kamili la mathabodi, namba yake ya awamu, muda wa waranti, na maneno haya: kwa matumizi ya Linux. Mkubaliane pia siku ambazo unaweza kuirudisha ikiwa chipu fulani itakataa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika kwa kuombwa aandike alichokisema kwa mdomo amekwisha kukujibu.

Pengine utasema, msomaji, kwamba haya yote ni kazi nyingi kwa kipande cha ubao. Lakini fikiria kilichonunua ubao huo. Ni zamu ya chama, ni saa za ziada kazini, ni mavuno ya chai au maziwa yaliyopelekwa kwa ushirika alfajiri. Na wanaongoja nyumbani ni watoto wenye kazi ya mwalimu inayotakiwa Jumatatu asubuhi. Watoto hao hawatajali mathabodi imeandikwa jina gani, na hawatauliza ilikuwa mpya kiasi gani. Watakachotaka ni kwamba wakibonyeza kitufe, mashine iwake, mtandao uwepo na sauti isikike.

Kwa hivyo wiki hii, kabla hujaenda mjini, fanya mambo matatu. Fungua kasha la kompyuta yako ukiwa umechomoa umeme, usome jina la mathabodi iliyomo na aina ya kumbukumbu. Andika hesabu ya vitu vyote vitakavyobadilika. Kisha tengeneza flashi ya Linux na uijaribu kwanza kwenye mashine hiyo hiyo ya zamani. Huenda ikawaka vizuri, ikakuonyesha kwamba unachohitaji ni diski ya SSD tu, na zile pesa nyingine zikaenda kulipa karo. Na kama kweli utahitaji mathabodi mpya, utaingia dukani ukiwa na flashi mfukoni, majina ya chipu kwenye karatasi, na hakuna atakayeweza kukuuzia mbuzi kwenye gunia.